Gari Mbele ya Nyumba ya Lamont

“Nyumba hii ilikuwa gofu,” Lamont aliwaambia wageni kumi na wawili aliokuwa akiwatembeza Detroit. “Viwanda vilifungwa, watu wakahama, mtaa ukabaki na paka na majani tu. Nimeifufua kwa mikono hii!”

Wageni wakapiga picha. Odessa, mchumba wake aliyewasili asubuhi ile kutoka Memphis, alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Harusi yao ilikuwa mwezi ujao, na hii ndiyo nyumba aliyoahidiwa.

“Mpenzi, lile gari mbele ya nyumba la nani?”

“La jirani. Achana nalo, twende tukaone kiwanda.”

Kumbe jirani mwenyewe, Bi Ernestine, alikuwa palepale anakata majani. Akazima mashine.

“Lamont! Mbona hupokei simu za mkeo?”

“Mke gani?” Odessa akadakia.

“Renita. Yuko Toledo kwa mama yake, kaenda kujifungua. Kaniomba niegeshe gari langu hapa na nimkatie majani, nyumba isionekane tupu, maana wewe kutwa unatembeza wageni. Si unawajua wezi wa huku?”

Detroit ndivyo wanavyoishi. Jirani akisafiri, unamlindia nyumba kwa gari lako. Huyu bingwa wa historia ya mji alisahau kitu ambacho kila mtoto wa mtaani anakijua: gari la jirani likiwepo, na jirani yupo anaangalia.

Bi Ernestine akatoa simu, akasoma kwa sauti:

“‘Nimejifungua wa kike. Kachukua sura ya baba yake. Mwambie Lamont aje.’”

“Odessa, sivyo unavyodhani. Tuliachana kitambo.”

“Kitambo gani, na mtoto hata kitovu hakijakauka?”

Kinyaa kikampanda. Mdomo ule ndio aliobusu kituoni asubuhi! Akajifuta midomo kwa kiganja, akajifuta tena, bado akahisi uchafu. Akavua pete na kuitupia kwenye majani yaliyokatwa.

“Nipishe, unanitia kichefuchefu! Nyumba unafufua, wanawake unatuzika.”

“Mpenzi, wageni wanasikiliza…”

“Waache wasikilize! Si wamekuja kujifunza historia?”

Lamont akainamia majani, anatafuta pete. Hata aibu hana.

“Bi Ernestine, nipeleke kituo cha basi, tafadhali.”

“Nikiliondoa gari, mwanangu, wezi wataingia.”

“Mwizi ana funguo, mama. Twende zetu.”