Mishumaa ya Banda la Asali

Asubuhi ile mama mkubwa Getruda, dada yake mama yangu, aliamka kama siku zote, akapika uji, akamsuka binti yake Flavia, kisha wote wawili wakajitwika nta wakaenda mjini. Ilikuwa mwaka wa tatu baada ya vita vya Hitla, msimu wa asali, na Tabora nzima ilinuka masega. Mimi Koleta nilikuwa nimeshaolewa, nina mtoto mgongoni. Kwa hiyo anayetaka kubisha abishe, ila asiseme nilikuwa mdogo nikaota.

Banda la asali lilisimama pale barabara ya zamani ya misafara inapoukuta mji, upande wa Itetemia. Lilikuwa la miti na nyasi, mali ya chama cha warina asali. Kulikuwa na genge lililotaka chama hicho kife. Walipita vijijini wakisema atakayeuza bandani atajuta kuzaliwa. Tulicheka, maana tulizoea kwamba mbwa abwekaye sana haumi.

Mama mkubwa alikuwa mjane na Flavia ndiye mtoto wake pekee. Walipofika bandani alimkalisha juu ya mzigo wao, akamwambia, "Kaa hapa. Usitoke mpaka nirudi." Akaenda kununua chumvi.

Watu waliofunika nyuso wakaja mchana kweupe, wakaukaza mlango kwa gogo kutoka nje, wakatupa moto juu ya nyasi. Nyuma palikuwa na kidirisha, na watu wazima walipitisha humo watoto wachache. Mmoja wa watoto hao alitusimulia baadaye kwamba Flavia naye aliitwa dirishani. Alitikisa kichwa. Alisema mama yake amemwambia asitoke mpaka arudi.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi nilifika nikiufuata moshi, nikamwona tu mama mkubwa amekaa chini barabarani, chumvi imemwagika mapajani, na hakulia hata kidogo. Nta yote ya banda ilikuwa imeyeyuka ikatapakaa sakafuni, kisha ikapoa na kila kilichokuwa ndani yake. Marehemu hawakutambulikana. Walizikwa kaburi moja kule misheni, na mama mkubwa hakuwa na mahali pa kusema hapa ndipo alipolala wangu.

Serikali iliwakamata wachache na wengine hawajaonekana hadi leo. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akaamuru banda lijengwe upya pale pale, la matofali ya kuchoma na bati, ili genge lisijione limeshinda. Mbele ya mlango lingewekwa jiwe la ukumbusho. Kazi alipewa Anselm mwashi, ambaye kaka yake alifia humo. Lakini kabla ya kuchimba msingi ilibidi sakafu ikwanguliwe, na nta ile ikajaza magunia.

Ikawa mashauri. Hakuna mfanyabiashara aliyetaka kuigusa. Kuitupa haikuwezekana, maana kwetu nta haitupwi, hata ya sega bovu. Ndipo wajane na akina mama waliofiwa wakasema ichemshwe, ikamuliwe, itengenezwe mishumaa ya misa ya kufungua banda. Padre aliridhia. Sisi ni Wakatoliki na ni warina asali, kumwashia marehemu mshumaa ni jambo jema na kutunza nta ni jambo jema. Mawili hayo tukayachanganya na hakuna aliyeshtuka.

Mama mkubwa ndiye aliyekamua. Mimi nilishika upande wa pili wa gunia. Katika machicha ya chungu kimoja alikuta medali ya Bikira Maria, ile aliyokuwa akiivaa Flavia shingoni. Aliifuta kwa kanga, akakisogeza chungu kile kando, akatengeneza kwa nta yake mshumaa mmoja mnene ambao hakumpa mtu.

Siku ya kufungua banda jua lilikuwa kali na upepo wa vumbi ukivuma, kwa hiyo mlango ulifungwa ili mishumaa isizimike. Ikawashwa yote. Tukaanza kuimba. Mlango ukagongwa.

Anselm akaenda kufungua. Nje hapakuwa na mtu. Akafunga. Ukagongwa tena, sasa kwa viganja vingi. Alikuwa ameuegemea, na baadaye alituapia kwamba mbao zilimtetemekea mgongoni kutoka upande wetu. Waliokuwa wakigonga walikuwa ndani, pamoja nasi. Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda. Mwanamke mmoja akamsikia mumewe akimwita kutoka kwenye mwali wa mshumaa aliokuwa ameushika.

"Zimeni," Padre akasema kwa sauti ndogo. "Zimeni yote."

Tulipozima kukawa kimya kabisa. Jioni ile ile mishumaa ilizikwa kwenye kaburi la misheni, na Padre akakataza habari hiyo isizungumzwe. Kila mtu alirudisha wake. Wa mama mkubwa tu ulibaki kifuani, ndani ya kanga.

Baada ya hapo akaacha kutoka nje. Akawa hali chakula. Shamba lake likaota majani. Mama yangu akanituma nikamwangalie, nikaenda saa sita mchana, nikapiga hodi mara kadhaa bila kuitikiwa. Nikasukuma mlango. Alikuwa amepiga magoti, mshumaa unawaka mbele yake, sikio lake karibu na mwali hata nywele za kipajini zimekunjamana kwa moto.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Akaniwekea kidole mdomoni. Ndipo na mimi nikasikia. Ilikuwa sauti ya mtoto, karibu, kana kwamba amekaa miguuni petu.

"Mayu," ilisema. Ndivyo tumwitavyo mama kwa Kinyamwezi. "Mayu, umerudi? Nitoke?"

Mama mkubwa aliziba mdomo wake kwa mikono miwili.

"Mayu, panaunguza. Nitoke?"

Mwanangu mgongoni akaanza kulia. Niliogopa, lakini hasira ilinizidi woga. Nikamwambia amjibu. Akatikisa kichwa, machozi yakimtiririka. Akaninong'oneza, "Nikimjibu ataondoka. Akiondoka nitabaki na nini, Koleta?"

"Na kila ukiuwasha unamchoma upya," nikamwambia.

Kisha akauzima mshumaa kwa vidole vyake, polepole, bila kujali moto. Nilimwonea huruma, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mshumaa ulikuwa umebaki kipande kifupi tu.

Kesho yake alioga, akajipaka mafuta, akavaa kanga safi. Alinipitia nyumbani, nikamwachia mama yangu mtoto, tukaenda bandani. Halikuwa likitumika, nani angethubutu, ila Anselm alikuwepo akichonga jiwe lake. Mama mkubwa alimwomba afungue.

"Mama Flavia, humo ndani hapafai," Anselm akamwambia.

"Nilimwambia angoje hapa," akajibu. "Sitamwitia mahali pengine."

Akaingia peke yake. Tukasikia komeo la ndani likisukumwa. Tukasimama kizingitini, Anselm kushoto, mimi kulia. Kiberiti kikalia. Kisha ile sauti ikauliza swali lake.



Ikauliza tena. Nilikuwa nimeng'ata kanga yangu. Naye akamjibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya mama anayemwita mtoto kula.

"Nimerudi, Flavia. Toka."

Mlango haukufunguka. Upepo haukuvuma. Lakini kitu kilipita kati yetu, kina joto, kinanuka asali. Anselm akanishika mkono. Tukaita, tukagonga, tukaita tena. Hakuna. Akachukua mtaimbo akavunja mlango.

Komeo lilikuwa bado limesukumwa. Madirisha ya juu yalikuwa na vyuma. Ndani hapakuwa na mtu. Mshumaa ulikuwa umekwisha, umeacha alama nyeusi sakafuni, na kutoka kwenye alama hiyo nyayo za nta zilielekea mlangoni. Mbichi. Za mtu mzima na za mtoto, sambamba. Zilipita chini ya mlango tulioukuta umefungwa, zikapita kizingitini katikati ya mahali tulipokuwa tumesimama mimi na Anselm, zikashika barabara ya misafara kuelekea machweo.

Tulizifuata tukikimbia. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Karibu na mashamba ya Itetemia nyayo kubwa zikaisha, na hapakuwa na dalili kwamba zimegeuka popote. Zikabaki za mtoto peke yake. Zilikuwa zimezama vumbini sana, kama za mpagazi mwenye mzigo. Mbele kidogo nazo zikaisha.

Mama mkubwa hakuonekana tena, hai wala maiti. Watu wakanishauri ninyamaze, nikanyamaza, na Anselm aliongeza jina la mama mkubwa kwenye jiwe bila kumwuliza mtu. Bado liko pale. Mwezi wa kumi, jua likiwa kali, jina hilo peke yake hutoa jasho la nta.

Usiku hulala vibaya nikikumbuka kwamba ni mimi niliyemwambia amjibu, ila ningerudi nyuma ningemwambia vilevile. Siku ile nilibandua unyayo mmoja mdogo njiani, nikauweka katika kopo la majani ya chai. Uliingia vizuri, ukabakiza nafasi pande zote, maana Flavia alikuwa mtoto mwembamba.

Kopo ni lile lile. Siku hizi unyayo umegusa pande zote na kifuniko hakifungi.