Kanga ya Chapa ya Kiazi

"Jabiri, fungua mlango kabla sijauvunja."

"Huo huuwezi. Nimeutengeneza mwenyewe," alijibu Jabiri kutoka ndani, akijisifu kama ilivyo desturi yake. Kisha akafungua, na sifa zote zikamwishia mdomoni.

Chausiku alikuwa amesimama kizingitini na kanga yake mpya, mwekundu toka shingoni hadi viwikoni. Jabiri alidhani ni damu. Akamshika mkono, akamgeuza huku na huku, akatafuta jeraha.

"Nani kakuumiza?"

"Wewe."

"Mie?"

"Kanga yako inachuja. Nimeingia ngomani kwenye arusi pale Mtoni, jua likawaka, jasho likatoka, nikaanza kuiva kama samaki wa kupaka. Bi arusi mwenyewe kaacha kulia, anacheka. Mwimbaji kasahau wimbo."

Kabla wawili hawa hawajaanza kugombana sawasawa, inafaa ielezwe, kwa heshima zote, kwamba Jabiri alikuwa kuli bandarini mchana, na saa zilizobaki alikuwa fundi wa kila kitu. Nyumba yake ya Temeke aliikandika mwenyewe. Taa yake ilikuwa kopo la maziwa, kiti chake kasha la chai, na jogoo wake alilala katika banda lenye madirisha mawili, jambo ambalo majirani kadhaa hawakujaliwa kuwa nalo. Kwa vitu hivyo alitamba mtaa mzima.

Ila mapenzi yalimtia woga. Vita vya Hitla vilikuwa vimezimaliza kanga madukani, na Bi Hamisa, shangazi aliyemlea Chausiku, alikuwa ametangaza kwamba hasikilizi posa ya mtu asiyeleta doti ya kanga. Mshindani wa Jabiri alikuwa Mwishehe, mpima vitambaa katika duka moja mjini, ambaye kanga zilimfikia kabla hazijafika kwa wateja. Jabiri yeye alikuwa na mifuko mitupu ya unga, ile ya kitambaa, na magome ya mkandaa, na viazi vitamu. Akafumua mifuko, akaifua mpaka maandishi yakatoka, akaiunga. Akachemsha magome mpaka yakatoa wekundu mzito. Akachonga ua katika kiazi, akachapa doti nzima. Kazi nzuri kabisa. Kisha akampelekea Chausiku na kumwambia ameinunua.

"Ulisema umeipata kwa Mhindi mjini," alisema Chausiku.

"Nilisema."

"Mhindi gani?"

Jabiri alitazama kule bandani, lakini jogoo hakumsaidia.

"Wapo wengi mjini."

"Na huu mshono wa katikati?"

"Mtindo wa vita."

"Na hapa kwenye pindo, mbona pananuka kiazi?"

Jabiri akakaa juu ya kasha la chai.

"Nimeichapa mwenyewe."

Chausiku akaishika ncha ya kanga, akaitazama upya, ua moja baada ya jingine.

"Yote?"

"Yote. Viazi vingine viliniharibikia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mwishehe angekuja na ya dukani, yangu ingeitwa gunia. Watu wakilicheka banda la jogoo mie sijali. Lakini wakucheke wewe, umevaa gunia langu? Nisingeweza."

"Wamenicheka leo, Jabiri, na sikuwa na la kuwajibu. Wananiuliza nani kakupa, nasema ya dukani. Nimesimama katikati ya uwanja naapia duka ambalo halipo. Ungeniambia umeichapa wewe, ningecheza mpaka niwe mwekundu miguuni. Ningewaambia, mie wangu kakaa juani na kiazi kwa ajili yangu. Wenu walikaa wapi?"

Chausiku akageuka kuondoka.

"Basi niachie hiyo kanga niitupe," alisema Jabiri.

"Thubutu."

Kesho yake alirudi na bonge la shabu, ile vinyozi wanayopaka mashavuni baada ya wembe. Akaliweka mezani bila salamu.

"Rangi haikai kwa kubembelezwa. Mie miyaa ya mikeka yangu naiogesha maji ya shabu kwanza, ndipo naitia rangi. Ungeniuliza."

"Sikujua kama unajua."

"Ndiyo maana watu wanauliza."

Wakaanza upya, kwa mifuko mingine. Chausiku akaloweka kitambaa katika shabu, wakakianika. Jabiri akachonga na kuchapa, na kila mstari ulipokwenda upande, Chausiku alikuwa akimsukuma kiwiko taratibu.

"Ua gani hili?"

"Asumini."

"Mie naona kaa."

"Ni asumini, Chausiku."

"Basi ni asumini lenye magando," alisema. "Usilibadilishe. Limenizoea."

Rangi ilipokauka waliiviringisha doti, wakaiweka juu ya sufuria ya maji yanayochemka, wakaifunika ili rangi ishike. Mvuke ukawapiga usoni wote wawili. Jabiri akasahau maneno yote aliyokuwa amejiandalia, akachochea moto.

Ijumaa walikwenda kwa Bi Hamisa. Mwishehe alikuwa ameshakaa, doti yake ya dukani i magotini ndani ya karatasi, kanzu imepigwa pasi ikakakamaa.

"Shikamoo, shangazi," alisema Jabiri.

"Marahaba. Ndiwe uliyempaka mwanangu rangi?"

"Ndimi."

Mbele ya Bi Hamisa palikuwa na beseni la maji. Akachovya pindo la kanga ya Mwishehe, akalikamua. Maji yakabaki meupe. Akachovya ya Jabiri, na wote wakainama kutazama. Maji yakapata rangi ya chai iliyopungukiwa majani.

"Inachuja," alisema Mwishehe, kwa sauti ya kumpa mtu pole.

Jabiri alimtazama Chausiku. Chausiku alikuwa akimtazama yeye, anangoja.

"Inachuja kidogo, shangazi," alisema Jabiri. "Nimeichapa mwenyewe kwa kiazi. Kitambaa ni mifuko ya unga. Ile ya kwanza nilimdanganya Chausiku kwamba nimenunua, nikamwaibisha. Hii sisemi uongo. Na shabu katia yeye. Pasipo yeye, beseni hilo lingekuwa kama tumechinja."

Bi Hamisa akamgeukia Mwishehe.

"Yako umeitoa wapi, mwanangu?"

"Dukani, shangazi."

"Ikichakaa?"

"Nitaleta nyingine."

"Na duka likiwa tupu?"

Mwishehe alifikiri. Alifikiri kwa muda unaolingana na uzito wa swali.

"Tutangoja meli."

"Na wewe, Chausiku?" aliuliza Bi Hamisa.

"Mie singoji meli."

Akainuka, akaitoa kanga ya Jabiri katika beseni ikidondosha maji, akajifunga kifuani pale pale mbele yao, juu ya gauni jeupe alilokuwa nalo moja tu. Mwishehe akaanza kukunja karatasi yake polepole, akaaga kwa adabu, na ni haki isemwe kwamba hakusahau kusalimia hata jirani mlangoni.

"Jabiri," alisema Bi Hamisa, "mwambie mzee wako aje tuizungumze posa. Na mie nataka doti yangu. Ya buluu."

"Buluu hatujui kuitengeneza, shangazi."

"Mtajua."

Nje, Chausiku alitembea karibu na Jabiri kuliko adabu za Temeke zilivyoruhusu.

"Buluu inatoka wapi?" Jabiri aliuliza.

"Sijui. Tuanze na buluu ya kufulia."

"Itachuja."

"Itachuja," alikubali Chausiku, "halafu tutachemsha nyingine."