Barafu Atafuta Kazi kwa Wachumba

Mjukuu wangu ni fundi wa friji. Mtaani wanamwita Barafu. Alimaliza chuo, akarudi nyumbani kukaa. Asubuhi anafagia, anaosha vyombo, kisha anainamia simu. Maombi ya kazi alituma kotekote. Kimya.

Siku moja nikamkuta anacheka na simu.

"Umepata kazi?"

"Bado, bibi. Nimeingia kwenye programu ya kutafuta wachumba. Mabosi nao wamo humo!"

"Makubwa! Kwani unataka mume?"

"Nataka kazi. Mume atasubiri."

Humo akampata msimamizi wa ghala la samaki lenye vyumba vya baridi, mtu aliyefiwa na mkewe. Wakaandikiana wiki nyingi. Barafu alimjibu maneno matamu. Kazi hakuitaja.

Jumapili yule bwana akaja kwetu, shati limenyooka, na dada yake mkubwa ubavuni. Nikaelewa. Mtu haji na dada yake kuangalia friji.

Nikamimina chai. Barafu akaweka cheti chake mezani.

"Kwenu kuna nafasi ya fundi?"

Yule bwana alikitazama cheti, hakukigusa.

"Kumbe ulikuwa unatafuta kazi?"

"Ndiyo, kaka."

"Nafasi ilikuwapo. Imeshajazwa. Ungeniambia siku ya kwanza, ningekupeleka mwenyewe."

Dada yake akainuka. "Twende zetu. Kumbe tumekuja kuajiri!"

Chai waliiacha inafuka.

Jirani yetu hufundisha vijana kutafuta kazi. Alimkuta Barafu analia.

"Nimekosea kutafuta kazi kule, shangazi?"

"Umekosea kuficha. Anzia kwenye mitandao ya kazi. Ukiingia kwingine, sema mapema: natafuta kazi, si mchumba. Asiyetaka ataondoka, nawe hujamdanganya mtu. Mwajiri akikuita, mkutane kazini kwake, mchana, na nyumbani wajue. Anayekuita gesti, au anayedai hela kwanza, huyo si mwajiri."

Barafu akaandika upya maelezo yake kwenye ile programu. Wengi walimkimbia. Kijana mmoja akajibu: "Basi mchumba nimekosa! Ila mama yangu mdogo ana karakana ya friji."

Jirani akamsindikiza hadi karakanani. Wakampa friji isiyogandisha, wamjaribu. Akapata panapovuja gesi, akapaziba. Wakamchukua.

Kazi anaipenda. Lakini alimwandikia yule bwana wa ghala kumwomba radhi. Ujumbe umesomwa, jibu hakuna.

"Bibi, nimwandikie tena?"

"Mwache, mjukuu wangu. Umeshamsumbua vya kutosha. Nenda kazini, utachelewa."