Kikuba Kwenye Joho Jeusi

Soko la Malindi lilifurika siku hiyo, na dukani kwa Zeina hapakuwa na pa kutia unyayo, pale jibaba moja refu la koti la ngozi lilipopenya katikati ya wanawake na kuomba mita ishirini za kitambaa cha buibui.

"Mashallah!" alisema Zeina, mkasi mkononi. "Wake wangapi hao, bwana?"

"Sina mke. Ni majoho yetu ya jukwaani, mimi na wenzangu watatu. Na nataka utushonee wewe."

Wanawake waliangua kicheko. Zeina, mjane aliyewashonea mabuibui nusu ya wanawake wa mji, hakucheka. Alizitazama zile ndevu zenye mvi, zilizosukwa kama nywele za biarusi, moyo ukamruka.

Huyo ndiye Stambuli, mwimbaji wa Jivu, bendi ya roki kali ya metali nyeusi iliyopiga kelele pwani hii miaka ishirini na mitano. Musembi, mpiga ngoma wao, alikwenda kasi hata majogoo wa mtaa wa Barani, nasikia, waliwika adhuhuri wakidhani siku zimepita mbili. Stambuli naye haimbi, hunguruma.

"Na mapenzi wayatamka hivyo hivyo?" Zeina alimtania usiku huo kwa simu, namba wameshapeana dukani.

"Naingurumia dunia, habibti. Wewe nakutilia asali kooni."

Kwa miezi kadhaa simu haikupoa. Kisha ikafa ghafla. Zeina akipiga, hapokelewi. Akaapa kumsahau, akayamalizia majoho kwa hasira mpaka sindano zikavunjika.

Musembi ndiye aliyekuja kuyachukua.

"Huyo mwenzako kapata mwingine?" aliuliza Zeina.

"Mwingine gani, dada? Si kaka yako Mahmood alimpigia kwa simu yako, akamwambia umechoka na mtu anayebweka? Tangu hapo ametupunguzia mwendo. Sikiza albamu mpya."

Simuni mwake gitaa lilijikokota kama mkokoteni uliobeba mawe. Baina ya pigo na pigo ungepika chai ukainywa. Na ndani yake Stambuli akinguruma: umenifungia mlango, nami nalala kizingitini.

"Mashabiki wanasema tumezeeka," Musembi alilalama. "Jumamosi tutazomewa Kilifi."

Zeina alimwendea Mahmood papo hapo. "Ulishika simu yangu!"

"Nilikuokoa, dada. Watu watasema nini?"

"Nilipofiwa walisema. Nilipofungua duka walisema. Sasa nitawapa la kusema mpaka koo ziwakauke."

"Ukienda Kilifi, usinijue."

Jumamosi alasiri, uwanja wa Kilifi ulijaa vijana wa fulana nyeusi. Wimbo ulipoanza kujikokota, mmoja alipaza sauti, "Harakisheni, wazee!" Zomeazomea ikapanda. Stambuli akafumba macho, akanguruma taratibu vile vile.

Hapo Zeina akainuka. Buibui la hariri, macho ya wanja, udi uliomtangulia, na kifuani kikuba, kishada cha asumini na rehani. Alikwenda kumtuza kama mwanamke amtuzavyo mwimbaji wa taarabu arusini: bega hili, kisha lile, mkono juu, hana haraka na mtu. Kwa kasi ya nyimbo zao za zamani angeteguka nyonga. Wimbo huu ulimngoja kila hatua. Zomeazomea ikafa. Vijana wakampisha, mabega yao yenyewe yakaanza kuyumba.

Akapanda jukwaani, akachomoa kikuba, akakichomeka kwenye joho alilolishona mwenyewe. Stambuli akaacha kuimba, wenzake nao wakaacha kupiga.

"Kaka yako alisema umenichoka..."

"Kaka yangu ana kinywa chake, nami nina changu. Sijakuchoka."

Simu ikalia mkobani. Mahmood! Vijana walikuwa wakirusha picha moja kwa moja mtandaoni, zimeshafika Malindi. Zeina akamkabidhi Stambuli.

"Hii ndiyo simu iliyokutia kimya. Mjibu."

Stambuli aliisogeza kwenye kipaza sauti.

"SALAAM ALEIKUM, SHEMEJI!" alinguruma, daraja la Kilifi likatetemeka. "IJUMAA NAJA KUPOSA!"

Uwanja ukalipuka. Simuni Mahmood akakohoa.

"Mama yuko hapa, anatazama," alisema kwa unyonge. "Anauliza, mbona wimbo umekatika?"

Zeina alimgeukia Musembi. "Umesikia? Piga."

"Kasi gani, dada?"

"Hiyo hiyo."