Sufi ya Manowari

Kisomapumzi kiliwaka, na ukuta mzima wa ukumbi ukageuka mapafu! Mzee Shekue, fundi wa zamani wa mabomba ya manowari, alivuta pumzi, na mapafu yale makubwa kama milango yakavuta pamoja naye.

"Lahaula! Mimi huyo?"

Wanamaji wastaafu wenzake wakaangua kicheko. "Shekue, kumbe ndani una vyumba vya kupangisha!"

Injinia Mnkande, mama aliyeiunda mashine hiyo hapo Tanga, akawaeleza. Mashine hutuma kifuani sauti isiyosikika, nayo ikirudi huchora kila kilichomo. Nyuzi za asbesto, zile zinazokaa mapafuni miaka na miaka kimya kimya halafu zikaleta saratani, hung'aa rangi ya buluu.

Kwa Shekue ziling'aa chache tu. Barakoa ya kazini ilimsaidia. Binti yake Mwanahawa, aliyemsindikiza, akapiga vigelegele.

"Na wewe jaribu, mdogo wangu," injinia akamwambia.

Mwanahawa akapumua huku anacheka. Ukuta wote ukawa buluu.

Kicheko kikakatika.

"Umewahi kufanya kazi melini?" injinia akamuuliza.

"Mimi? Mimi nachoma vitumbua, dada."

"Basi nyumbani kulikuwa na kitu cheupe, laini, cha nyuzinyuzi?"

"Hakuna. Labda sufi ya mto wangu. Baba alinishonea nikiwa mdogo."

Mzee Shekue akaikumbuka sufi hiyo. Kule melini, ile nguo nyeupe ya kuvisha mabomba ya moto hakuna aliyeiita asbesto. Waliiita sufi. Masalia yake yalikuwa ya kutupwa, yeye akayabeba nyumbani, akayachambua, akajaza mto.

"Nilijisifu, mwanangu," alisema. "Nikasema huu hauingii kunguni."

"Mto huo uko wapi sasa?" injinia akauliza haraka.

Mwanahawa alikuwa ameshampigia mumewe, simu ikiwa kwenye spika.

"Mbaruku! Ule mto anaolalia Riziki, msiuguse! Mtoe mtoto hapo!"

"Ala, kelele za nini tena, mama Riziki? Nimeuanika uani. Mwanao nimempa kifimbo, anautoa vumbi. Hebu msikie anavyofurahi!"

Simu ikasogezwa. Ukumbi mzima ukasikia: pu! pu! pu! na kicheko cha mtoto.