Pazia la Chumba cha Mzee

Fremu ilikuwa bado ukutani, imenyooka sawasawa, ila ndani yake ulibaki ubao mtupu. Picha ya marehemu mama mwenye nyumba, iliyochorwa kwa rangi kwenye kitambaa chembamba cha pamba, ilikuwa imekatwa pande zote na kwenda zake.

"Ni huyu!" binti wa nyumba alisema, akimsonta fundi mapazia. "Nani mwingine kaingia humu leo? Nimetoka kwenda dukani, nimerudi, mama hayupo."

Fundi alikaa juu ya boksi la vifaa vyake, pingu mikononi, vumbi la ukuta kwenye nyusi. "Dada, mimi nimekuja kutoboa kuta na kufunga mapazia ya rimoti. Mama yako nimpeleke wapi?"

Inspekta aliwapita wote wawili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye udadisi wa paka. Aliinamia meza. Kioo cha fremu kilikuwa kimelazwa juu ya taulo, kimefutwa, kinang'aa.

"Koplo, umewahi kukutana na mwizi anayefuta kioo?"

"Wangu wote huvunja, Afande."

"Na wangu pia. Kagua ua, mapipa, kila kichaka."

Koplo akatoka. Inspekta akamgeukia Mzee, baba mwenye nyumba, aliyekuwa kochini akikanda magoti yake mabovu.

"Mzee, picha inaibiwa ulikuwa wapi?"

"Chumbani. Nimelala."

"Fundi anatoboa jikoni, wewe usingizi?"

"Uzee, mwanangu. Na yenyewe ni picha tu. Mfungulieni kijana, yaishe."

"Yaishe vipi, baba?" binti alimaka. "Leo ndiyo ilikuwa iende kutengenezwa upya! Huyu atalala selo mpaka aseme."

Fundi alifumba macho. "Nikitolewa hapa na pingu, nani atanifungulia tena mlango wake? Kazi yangu ni kuingia vyumbani mwa watu."

Inspekta aliingia chumbani kwa Mzee. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka halina hata kunyanzi. Pazia jipya lilikuwa limejikunja juu ya dirisha. Rimoti ilikuwa kando ya kitanda. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akafungua mgongo wake: haina betri.

Alirudi nayo sebuleni. "Fundi, umemuuzia Mzee rimoti tupu?"

"Nimeweka betri mpya leo asubuhi! Nikamwonyesha kushusha na kupandisha, akacheza nayo mpaka nikamwonea wivu."

Mzee alikohoa. "Zimekwisha."

"Zimekwisha, zikajitoa, zikaondoka kwa miguu?"

Mzee akarudia kukanda magoti.

"Hata bila hiyo pazia linashuka," fundi alisema. "Kila nyumba nikimaliza, rimoti ya sebuleni naiunganisha na madirisha yote, watu wasizunguke chumba kwa chumba. Ile pale. Kitufe cha katikati."

"Afande, usibonyeze!" Mzee aliruka kutoka kochini kama mtu asiye na magoti.

Kumwambia Inspekta asibonyeze ni sawa na kumshika kidole na kumbonyezea. Nyumba ikavuma taratibu, madirisha yote yakafumba macho kwa pamoja. Ndipo sauti ya koplo ikaja kutoka nje, haina ukakamavu wowote wa kiaskari.

"Afande! Kuna mama dirishani! Chumba cha Mzee! Ananitazama!"

Wote wakatoka. Kati ya kioo na pazia, upande unaotazama nje, marehemu alikuwa amebandikwa kwenye pazia, anatabasamu. Alikuwa amekunjwa ndani ya pazia zito muda wote, akashuka nalo.

"Mzee," Inspekta alisema kwa upole, "tunakusikiliza."

"Nimemkata mimi, kwa wembe wa kunyolea." Akaelekeza kidole dirishani. "Mapazia ya zamani aliyashona mke wangu. Juzi nimeyakuta yamekuwa matambara ya kudekia. Kabati lake limekwenda. Kiti chake kimekwenda. Leo ikawa zamu ya sura yake kwenda 'kutengenezwa upya'. Nikajiuliza, kitu gani humu ndani binti yangu hatakitupa kamwe? Nikaona ni hiki alichokinunua mwenyewe."

"Baba! Kwa nini hukuniambia?"

"Kila kitu kipya unakileta ukicheka. Tangu tumzike mama yako, hujacheka kwa kingine. Kicheko hicho ningekizima vipi?"

Binti akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Na huyu?" Inspekta alimwonyesha fundi. "Angelala selo kwa ajili ya kicheko cha nani?"

"Nilidhani mtamwachia kwa kukosa ushahidi. Nikaogopa kusema. Kisha nikaona aibu kwamba nimeogopa." Mzee akamgeukia fundi. "Nimekukosea, mwanangu. Nilijua huna hatia nikanyamaza."

Koplo alifungua pingu. Fundi akasugua vifundo vya mikono, hakutabasamu.

"Msamaha wa uani hautoshi, Mzee. Wale wameniona na pingu."

Macho hayana pazia: juu ya ukuta wa ua, vichwa vya majirani vilikuwa vimepangana kama vikombe rafuni.

Mzee aliukataa mkono wa bintiye. Akachechemea mpaka ukutani, akainua uso.

"Jirani zangu! Picha nimeiiba mimi, nyumbani kwangu mwenyewe. Fundi huyu ni mtu safi. Mwenye kumsema vibaya aanze na mimi!"

Kisha mama mmoja, ambaye kidevu chake tu ndicho kilichokuwa kimefika juu ya ukuta, akapaza sauti:

"Wewe fundi, na kwangu yanaweza kufumba hivyo, yote kwa mpigo?"

Fundi alijikung'uta vumbi, akavuta ngazi yake. "Yanaweza, mama. Andaa chai. Nikimteremsha huyu mama hapa dirishani bila kumchana, nakuja."