Alipiga Laini Aliyojua Imelala

Naitwa Kabugho, nina miaka arobaini na miwili. Sina mume na sitafuti. Naishi Bwera, Uganda, karibu na Kongo, nauza kahawa, na kwa miaka tisa nimekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima na kukausha kahawa huku kwetu. Kikundi hicho nilikianzisha mimi, uani kwangu, tukiwa wanawake saba na turubai moja ya kuanikia.

Wasomaji wenzangu, siandiki ili mnihurumie. Huruma nimeshapewa, na sikuipenda! Naandika kwa sababu kwa siku sita simu yangu ilikuwa bubu, na ndani ya siku hizo jina langu liliburuzwa kuanzia Mpondwe mpaka Kasese mjini, nami sikuwa na njia ya kulitetea hata kwa neno moja... Na sehemu ya kosa ilikuwa yangu mwenyewe. Nitaisema hiyo pia.

Mwaka huu tulialikwa Istanbul, kwenye maonyesho ya kahawa. Nafasi ilikuwa moja tu, na akina mama wakanichagua mimi. Aliyesimama kunipendekeza alikuwa Biira, katibu wetu, rafiki yangu tangu tulipokuwa wasichana wa shule. Biira ndiye aliyenishika mkono siku tulipomzika baba. Nilimwamini kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Safari iliangukia pabaya, maana Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa siku ya uchaguzi wa kikundi. Lakini sisi tuna utaratibu wetu. Mama aliye mbali hupigiwa simu, simu inawekwa mezani, sauti inafunguliwa kila mtu asikie, naye anasema lake. Kuna waliowahi kupiga kura wakiwa wodini. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wowote.

Siku chache kabla ya kuondoka nilikwenda Kasese kwa Masika, msichana anayetengeneza simu. Akaniwekea eSIM ya safari, ile laini isiyoshikika kwa mkono, inayoingia kwenye simu kwa kupiga picha ya mchoro. Akanieleza kwamba laini yangu ya Uganda italala nikifika huko, na hiyo mpya itanipa intaneti, basi watu wanipigie kwa intaneti, si kwa namba ya kawaida. Biira alikuwa ameketi kando yangu. Alisikia kila neno! Hata kwenye daftari lake aliandika.

Jambo la mwisho Masika alilonionya lilikuwa roming, ile ruhusa ya simu kutumia minara ya nchi nyingine. Alisema ameiwasha na nisiiguse, kwa sababu bila hiyo laini ya safari haiwezi kushika mtandao wa wenyeji. Nikaitikia ndiyo, ndiyo...

Sasa nisikilizeni. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba ukikaribia mpaka wa Mpondwe, minara ya Kongo inainyakua simu yako, na kabla hujalimaliza soko salio limeshaliwa. Tumefundishana tangu simu zilipoingia: zima roming, usiiwashe hata ukibembelezwa. Mimi mwenyewe nimewafundisha wangapi! Basi nilipokuwa njiani kurudi Bwera nikaifungua simu, nikaona imewashwa, na kidole kikaenda chenyewe. Nikaizima. Nikajiona mjanja kuliko yule msichana.

Nilipotua Istanbul simu ikaniandikia hakuna huduma. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaiweka kwenye hali ya ndege, nikaitoa. Nikaichomoa laini ya Uganda na kuipuliza, kama kwamba ni vumbi la Bwera lililonifuata huko! Waifai ya hoteli ikataka kunitumia namba ya siri kwa ujumbe. Ujumbe uingie kwenye laini ipi, ile iliyolala? Nilitaka kuifuta eSIM niiweke upya, nikakumbuka Masika alisema ukiifuta, mchoro haukubali mara ya pili. Nikaacha. Lakini nilimtukana Masika kwa sauti, nikamwita tapeli, mbele ya watu wasioelewa hata ninasema nini.

Siku ya pili, mama mmoja kutoka Kenya aliyekuwa kwenye meza jirani akanigawia intaneti ya simu yake kwa dakika chache. Nikamwandikia Biira kwamba nimefika salama, simu yangu inagoma, awaambie akina mama wote, ampigie na mama yangu mzazi kule Rukoki, na uchaguzi uahirishwe mpaka nirudi. Alama mbili zikageuka buluu nikiziangalia. Ameisoma. Moyo wangu ukatulia.

Ningeweza kuandika kwenye kundi letu pia. Sikuona haja... Kwangu mimi, kumwambia Biira ilikuwa sawa na kuwaambia wote. Yule mama wa Kenya akaitwa na wenzake, akaondoka na intaneti yake, nami nikarudi kwenye kazi iliyonipeleka. Nilikaanga, nilipika, niliwanywesha watu kahawa ya milima yetu. Mnunuzi mmoja aliomba kikombe cha pili, kisha akaomba gunia la sampuli. Nilijivuna, siwafichi. Nilifikiri nyumbani wananisubiri kwa vigelegele.

Jumatatu, uwanja wa ndege, nilikaa karibu na mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka wetu, jina lake Kavira. Tukasalimiana kama majirani, na ni majirani kweli. Nikamlalamikia simu. Akanyoosha mkono.

"Yaya, leta nione," alisema, akiniita dada kwa Kiswahili cha kwao. Akagusa mara mbili, tatu, kisha akacheka polepole. "Roming iko ya kufunga. Simu iko muzima, yaya. Ni weye mwenyewe ulifungaka mulango."

Akaiwasha. Hazikupita sekunde kumi, ujumbe ukaanza kumiminika mpaka simu ikatetemeka mkononi mwangu!

Ni nini nilichokuwa naogopa kwenye roming miaka yote? Nilisema nimshukuru Kavira, lakini macho yalikuwa yameshasoma yaliyotokea nyumbani.

Jumamosi, mbele ya wanawake zaidi ya thelathini, Biira aliweka simu mezani, akafungua sauti, akapiga namba yangu ya Uganda. Namba ile ile aliyoisikia kwa Masika kwamba italala! Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Mara ya tatu wengine walianza kulia. Ndipo akainamisha kichwa, akasema wajikaze moyo, Kabugho hakusema lakini dalili zote zaonyesha amebaki huko, wako wengi wanaopata tiketi ya kikundi na hawarudi... Akachaguliwa mwenyekiti hapo hapo. Ujumbe wangu alikuwa nao ndani ya simu ile ile!

Na hayakuishia hapo. Jioni ile ile akina mama wawili walitumwa Rukoki kumpa mama pole, kama watu waendao msibani. Walimwambia barazani, majirani wakisikia, kwamba mwanawe ametoroka na mali ya watu. Mama yangu ana miaka sabini na mitano. Alianguka pale pale, akapelekwa zahanati, presha imepanda. Aliporudi nyumbani, Jumapili hakwenda kanisani. Aliona aibu kupita njiani.

Sikulia. Kavira alinishika bega akasema nilie tu, lakini machozi hayakuja. Kilichokuja kilikuwa hasira, na ndege ikaitwa kabla sijamjibu yeyote.

Nilipofika Kasese nilikwenda kwanza kwa Masika. Nilimwambia nimemtukana mbele ya Waturuki naye hana kosa. Akashangaa, akanipa kiti. Kisha nikaenda Rukoki. Mama alinipapasa uso kwa mikono yote miwili, akasema, "Basi uko."

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya kuchambua kahawa. Niliingia ghalani Bwera saa nne asubuhi, wote wakiwa wameinamia nyungo zao. Nyungo zikawekwa chini. Sikupiga kelele. Niliiweka simu yangu mezani, nikamwomba mmoja wao asome ujumbe niliomtumia Biira, pamoja na siku na saa. Akausoma. Nikamwomba aurudie.

Biira hakukana. Kwa hilo namsifu. Alifuta mikono kwenye kitenge chake akasema, "Kila siku ni wewe, Kabugho. Safari ni wewe, wageni wakikuja ni wewe. Mimi naandika tu. Miaka tisa naandika tu."

Iliniuma, kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake. Kweli, mara ngapi nilimwuliza kama naye anataka kusafiri? Lakini ukweli huo angeniambia usoni! Angesimama tukashindana nikiwa pale nimekaa. Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba kiti angeweza kukipata, lakini jina langu hakuwa na ruhusa ya kuligusa.

Akina mama wakaanza kuniomba msamaha, wakataka kunirudishia uenyekiti papo hapo. Nikakataa! Nikasema sitakikalia kiti hicho mpaka wale waliotumwa Rukoki warudi kule, na Biira awe mbele yao, waseme ukweli pale pale barazani.

Walikwenda Jumapili, watu wanatoka misa. Biira akaanza kusema kwa sauti ya chini, macho yakiwa miguuni. Mama yangu akamkatiza.

"Sema kwa nguvu," alimwambia. "Siku ile walisema kwa nguvu, majirani wote walisikia."

Biira akarudia kwa nguvu. Watu wakasimama njiani. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akachukua kitenge chake cha kanisani, akatoka akapita katikati yao, akaenda kuwasalimia waliosimama njiani, mmoja mmoja, kwa mkono.

Leo mimi ni mwenyekiti tena, kwa kura, na si za wote. Wanawake wanne waliondoka na Biira. Mama anameza dawa za presha kila asubuhi. Na rafiki niliyekuwa naye tangu utotoni sina tena. Hayo ndiyo niliyolipa.

Dada zangu mnaosafiri, nawasihi. Anayejua kazi yake akikwambia usiguse, usiguse! Ijaribu simu yako, uulize hata ukionekana mjinga, kwa sababu mimi nilikuwa mjanja na ujanja wangu ulinifunga mdomo siku sita. Na ukipata dakika moja tu ya kusema na nyumbani, usimpe mtu mmoja maneno yako ayabebe, hata awe nani. Waambie wengi.

Wapo wanaosema sasa nitulie nyumbani, dunia imenionyesha. Sitatulia! Mwezi ujao naondoka tena na gunia la sampuli, na safari hii nimeomba nafasi mbili, ya pili iwe ya mama mwingine wa kikundi. Mama ameshaniuliza nitaondoka siku gani, ili awe wa kwanza kuwatangazia watu wa Rukoki.